Uzi: Watoto wa darasa la kwanza wanaitikia "Amin" Wimbo wa Taifa ukimalizika. Wakatazwe?

Karafuu_ya_Wete
Assalam alaykum. Naomba mawazo yenu, hasa walimu na wazee waliomo humu.

Skuli ya serikali huku kaskazini Pemba, wiki hii, watoto wamepanga mistari asubuhi. Wa darasa la kwanza wako mbele kabisa na mikoba yao mgongoni. Mwalimu wa zamu katoa amri, mguu sawa, bendera ikaanza kupanda, Wimbo wa Taifa ukaanzwa. Waliposikia "Mungu" tu, wale wadogo wakafunua viganja kifuani kama tunavyofanya baada ya sala. Wakaimba hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha wakaitikia "Amin" kwa sauti moja na kujipangusa nyuso. Wakubwa huko nyuma wakacheka. Mwalimu akaja juu: hii si dua, huu ni Wimbo wa Taifa, mikono ubavuni! Dakika ile ile akamwita msichana wa darasa la sita asome Fatiha na dua ya kufungulia masomo. Sasa watoto wale wale wakabaki wameibana mikono, wanamtazama mwalimu usoni, hawajui wainue au wasiinue.

Mie naona watoto hawakukosea. Wimbo wenyewe unamuomba Mungu atubariki, awabariki viongozi na watoto. Kama hiyo si dua, ni nini? Na kama ni dua, kwa nini mtoto agombezwe kwa kuipa adabu yake?

Kijana_wa_Jangombe
Mwalimu yuko sawa kabisa. Wimbo wa Taifa una heshima yake: unasimama wima, hutikisiki, husemi na mwenzio. Ni nidhamu ya nchi, haikhusiani na msikiti. Tukianza kila mtu kuupa adabu anayoijua yeye, kesho mwengine atapiga magoti.

Halafu nyie Wapemba kila kitu dua. Hata timu ikifungwa mnasoma nyuradi.

Kojani_Baharini
Tukishinda tunasoma pia, kaka. Rudi kwenye mada.

Mwalimu_Mstaafu_Chake
Karafuu, ahsante kwa kuileta hii. Nimesomesha darasa la kwanza miaka mingi, na jambo hili nimeliona kwa macho yangu, tena si mara moja.

Mtoto wa kwetu hafiki skuli akiwa mtupu. Kabla hajaijua "a e i o u" ameshakaa chuoni, yaani madrasa, juu ya mkeka na juzuu mkononi. Na hata akishaanza skuli, nusu ya siku yuko chuoni: anayesoma mkondo wa asubuhi anakwenda chuoni mchana, wa mchana anakwenda asubuhi. Chuoni kila kikao kinafunguliwa kwa dua na kinafungwa kwa dua, na mwalimu wa chuo akimuona mtoto mikono imelala, anamgusa kwa ufito. Mwili wa mtoto umeshafundishwa. Anaposikia mtu mzima anamtaja Mungu na kuomba, mikono inanyanyuka kabla akili haijauliza ni mahali gani.

Sikuwahi kuwakataza. Wakifika darasa la pili au la tatu wanaacha wenyewe kwa kuwaangalia wakubwa. Aliyekosea hapo ni mwalimu wa zamu, si kwa kusema mikono iwe ubavuni, bali kwa kuwagombeza mbele ya skuli nzima halafu akawatia dua nyengine mara moja bila ya kuwaeleza tofauti. Mtoto wa miaka sita hawezi kuitambua peke yake.

Talib_wa_Ilmu
Nami nakubaliana na mwalimu wa zamu, lakini sababu yangu si ya Kijana wa Jang'ombe. Dua ni ibada, na ibada ina nia na mafundisho yake. Ukimwacha mtoto ainue mikono kwenye bendera inayopandishwa mlingotini, utakuja kumtoa vipi kichwani kwamba ile dua haielekezwi kwenye kitambaa? Bora Wimbo wa Taifa ubaki wimbo, na dua ibaki dua. Tuwalinde watoto wasichanganye.

Karafuu_ya_Wete
Shehe, hakuna mtoto anayeiomba bendera. Wanamuomba Mungu, na jina limetajwa wazi.

Talib_wa_Ilmu
Naelewa, ndugu yangu. Nazungumzia kuziba mlango kabla haujafunguka.

Kijana_wa_Jangombe
Tena ule wimbo asili yake ni kanisani, mjue. Uliandikwa na padri wa Afrika Kusini. Kwa hiyo wanaosema Amin wanaitikia dua ya Kikristo bila kujua.

Wakili_Kijana
Hakuwa padri. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa skuli ya misheni ya Methodist karibu na Johannesburg, akautunga mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake. Baadaye ukawa wimbo wa mikutano ya ANC, ukaenea kusini mwa Afrika. Tanganyika iliuchukua ulipopatikana uhuru 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ilichukua sauti ile ile na kuitia maneno mengine.

Kwa hiyo ndiyo, ulizaliwa ukiwa wimbo wa kumuomba Mungu, tena midomoni mwa watoto wa skuli. Hilo linampa nguvu Karafuu.

Kojani_Baharini
Na wa Kenya je? Nao unaanza na Mungu.

Wakili_Kijana
Ndiyo, lakini sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Waliuchukua 1963. Waganda nao mstari wao wa kwanza una Mungu. Afrika Mashariki yote ilipopata uhuru ilianza kwa kuomba.

Mtoto_wa_Minara
Habari zenu nyote. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa Unguja mjini, na watoto wangu wawili wanasoma skuli ya serikali. Naomba niseme kidogo, kwa sababu mnajadili kama vile mistarini kuna watoto wa aina moja tu.

Wimbo wa Taifa kwetu ndiyo dakika pekee ya asubuhi ambayo wanangu wanamtaja Mungu pamoja na wenzao wote. Ikifika Fatiha, wanasimama kimya. Hakuna anayewalazimisha, na nawashukuru walimu kwa hilo. Lakini kipindi cha dini wanatoka nje. Mwanangu mdogo, wa darasa la pili, anakaa barazani na daftari la hesabu mpaka kipindi kiishe, na anawasikia wenzake ndani wanasoma kwa sauti nzuri ya pamoja. Siku moja nikamkuta nyumbani anaisoma Fatiha yote, herufi kwa herufi. Hakufundishwa na mtu, ameishika kwa kuisikia.

Sikukasirika. Nilimwambia ni maneno mazuri ya jirani zetu. Lakini nilikaa nikafikiri: mtoto huyu anajua dua ya wenzake, na wenzake hawajui hata kwamba yeye ana dua yake. Kwa hiyo nikisikia watoto wa Wete wameinua mikono kwenye Wimbo wa Taifa, napenda. Ni wimbo wetu sote. Wanangu nao wangeweza kusema Amin pale bila ya kujiuliza.

Mwalimu_Mstaafu_Chake
Dada yangu, maneno yako yamenigusa. Walimu wengi hawaoni yule aliye barazani na daftari kwa sababu huwa mmoja tu au wawili katika skuli nzima.

Mama_wa_Fuoni
Hata mimi sikuwahi kulifikiria hilo, ahsante dada.

Kijana_wa_Jangombe
Basi si mnaona? Ndiyo maana nasema dini itolewe mistarini, uzalendo ubaki. Katiba ya Muungano inasema nchi haina dini. Skuli ya serikali ni ya wote.

Wakili_Kijana
Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inasema hivyo, sawa. Lakini isome na ibara ya 19, inayompa kila mtu uhuru wa kuabudu, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo ina ulinzi huo huo. Nchi kutokuwa na dini si sawa na kumfukuza Mungu kwenye shughuli za nchi. Bunge linaanza kwa dua. Baraza la Wawakilishi linaanza kwa dua. Viongozi wanaapa wameshika Kurani au Biblia. Sasa mtoto wa darasa la kwanza atajuaje kwamba yeye ndiye haruhusiwi?

Isitoshe, elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na mitaala yake, na somo la dini limo ndani yake miaka na miaka.

Mkongwe_Makunduchi
Vijana, hebu niwape ya zamani kidogo, maana naona mnadhani mambo haya yalianza jana.

Skuli za serikali zilipopelekwa shamba wakati wa Muingereza, wazee wengi walikataa kutoa watoto. Waliogopa mtoto atatolewa chuoni akapotezewa dini. Madarasa yakabaki matupu. Ndipo serikali ya kikoloni ikaiingiza Kurani ndani ya ratiba na kuajiri walimu wa Kurani, na watoto wakaanza kuja. Kwa hiyo aliyeitia dini skulini Zanzibar si shehe wala si chama. Ni Muingereza, aliyetaka kujaza madawati yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, huyo huyo aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa skuli za serikali kabla hajawa kadhi. Hapakuwa na ukuta baina ya mambo mawili haya.

Yakaja Mapinduzi ya 1964. Elimu bila malipo ikatangazwa Septemba 23 mwaka ule ule, na hilo lazima lisemwe kwa shukrani, maana mie na ndugu zangu tusingesoma. Lakini pamoja nalo zikaja paredi, chipukizi na skafu zao, nyimbo za Mapinduzi, na halaiki. Tulikuwa tunajifunza halaiki wiki nzima jua linawaka, tunatengeneza herufi kwa miili. Majina ya skuli nayo yakabadilika. King George VI ikawa Lumumba. Tukapata Ben Bella, Haile Selassie, na kule Pemba Fidel Castro. Muslim Academy ikafungwa, kisha 1972 kikafunguliwa Chuo cha Kiislamu.

Lakini kipindi cha dini hakikuondoka. Ikawa asubuhi mtoto anaimba Mapinduzi, saa nne anasoma Kurani, darasa lile lile. Sie tulilelewa hivyo na hatukuona tabu.

Kojani_Baharini
Mzee wangu, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu anasoma Haile Selassie, jina la mfalme Mkristo wa Ethiopia, na mtoto wa Kikristo anaishika Fatiha kwa kusikia. Zanzibar hii!

Talib_wa_Ilmu
Mzee Mkongwe, tunakuheshimu, lakini "hatukuona tabu" si hoja. Wapo wazee waliona tabu wakanyamaza, kwa sababu miaka ile kunyamaza ndiyo ilikuwa salama.

Mkongwe_Makunduchi
Hilo ni kweli, mwanangu. Silikatai. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao.

Kijana_wa_Jangombe
Watu wanashindwa kuelewa kwamba uzalendo unafundishwa, hauji wenyewe. Leo watoto hawaujui hata ubeti wa pili wa Wimbo wa Taifa. Angalieni Mwenge, ulipowashwa mara ya kwanza 1964 watu walilia. Leo ukipita vijana wanapiga picha tu.

Wakili_Kijana
Desemba 9, 1961, kaka, juu ya Kilimanjaro, usiku wa uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1964 ndio mwaka wa Muungano.

Mama_wa_Fuoni
Msinitajie Mwenge. Mwanangu alisimamishwa kando ya barabara tangu saa mbili, Mwenge ukafika saa sita. Karudi midomo imekauka, kofia hana, maji hana. Mie naipenda nchi yangu, lakini mzalendo wa miaka minane anahitaji maji.

Talib_wa_Ilmu
Na wapo masheikh waliokwisha kusema kuhusu ule moto, kuusimamia na kuuimbia. Wengine wanaona ni ishara tu, hakuna anayeuabudu. Wengine wanaona unafanana mno na mambo ya Majusi. Mimi mwanangu siku ile simpeleki, namwandikia mwalimu barua kwa heshima.

Kijana_wa_Jangombe
Barua ya nini? Atafukuzwa skuli!

Wakili_Kijana
Hafukuzwi, na hapa ipo kesi. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova huko Mbeya walikataa kuimba Wimbo wa Taifa kwa sababu imani yao inawakataza. Walikuwa wanasimama kimya kwa heshima, hawakufanya fujo. Skuli ikawafukuza baadhi, wengine ikawasimamisha. Wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa haki yao.

Mwanasheria_Mpya
Samahani kaka, nakurekebisha. Mahakama Kuu waliposhitaki walishindwa. Waliokuja kushinda ni kwenye Mahakama ya Rufani, mwaka 2013. Rufani ikasema kuwafukuza kulivunja uhuru wao wa dini.

Wakili_Kijana
Umesema kweli, ahsante. Na Mahakama ya Rufani inasikiliza rufaa za Zanzibar pia, isipokuwa mambo ya kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu aisome ile hukumu.

Mtoto_wa_Minara
Kwa hiyo kuna watoto wanaokatazwa kusema Amin, na kuna watoto wanaofukuzwa kwa kutoimba. Mtoto afanye lipi?

Msafiri_Ohio
A.A. nyote. Mie ni Mzanzibari niliyehamia Marekani, wanangu wanasoma skuli za serikali huku Ohio. Kila asubuhi wanasimama, mkono kifuani, wanaiapia bendera. Na ndani ya kiapo kile kuna maneno kwamba taifa liko "chini ya Mungu". Nilipoyasikia mara ya kwanza nilishangaa, kwa sababu huku huku mwalimu wa serikali haruhusiwi kuwaongoza watoto kuomba dua. Mahakama Kuu yao ilikataza tangu 1962.

Nikafuatilia. Kiapo kiliandikwa 1892 na Francis Bellamy, na huyu kweli alikuwa mchungaji, wa Kibaptisti. Lakini yeye hakumtaja Mungu. Maneno hayo yaliingizwa 1954 wakati wa Rais Eisenhower, walipokuwa wakivutana na Urusi na wakitaka kuonyesha kwamba wao si watu wa kumkana Mungu kama wakomunisti. Yaani mchungaji alimwacha nje, wanasiasa wakamwingiza.

Mikono pia ilikuwa na kisa. Zamani watoto walinyoosha mkono mbele kuielekea bendera. Vita vya pili vikaja, ikaonekana inafanana na saluti ya Wajerumani wa Hitler, 1942 wakaamua mkono uwekwe kifuani. Mtoto kuweka mkono wapi, huku pia ilikuwa kazi ya serikali.

Karafuu_ya_Wete
Allahu akbar. Kumbe hata huko wanagombania mikono!

Mwanasheria_Mpya
Na ni Mashahidi wa Yehova hao hao. Mwaka 1940 mahakama ya Marekani ilisema watoto wao wanaweza kulazimishwa kuipa bendera saluti. Watu wakawapiga, wakawachomea majumba. Miaka mitatu tu baadaye mahakama ile ile ikageuka: mwaka 1943 ikasema serikali haiwezi kumlazimisha mtoto kutamka asichokiamini. Hukumu hiyo inasimama mpaka leo.

Msafiri_Ohio
Ndiyo. Binti yangu wa darasa la tano anasimama lakini hasemi, mwalimu hamuulizi. Mdogo wake anasema kwa sauti kubwa kuliko wote darasani. Ndugu wa tumbo moja.

Kijana_wa_Jangombe
Marekani si mfano wetu. Wao wana makabila na dini mia. Sie tuna historia yetu. Mtoto asiyesimama mistarini leo, siku ya Januari 12 ataelewaje kwa nini tunapiga "Mapinduzi! Daima!"?

Kojani_Baharini
Hapo sasa umegusa penyewe, kaka. Kwa mzazi wa Pemba, kusikia dua mistarini hakumsumbui hata kidogo. Linalomsumbua ni kauli mbiu. Wapo wazazi huku wanaona "Mapinduzi Daima" ni ya chama na si ya nchi, na wapo wanaoona ni ya nchi kweli. Mtoto anaitikia "Daima" kwa sababu mwalimu kasema "Mapinduzi". Nyumbani baba yake akisikia, kimya kinaingia. Hilo ndilo gumu kuliko mikono.

Mkongwe_Makunduchi
Mapinduzi ndiyo yaliyotupa skuli. Sitaki yachezewe.

Kojani_Baharini
Sijayacheza, mzee wangu. Nimesema kinachotokea nyumbani kwa watu.

Msimamizi
Tunaomba tusiingie kwenye vyama. Uzi ni wa skuli na watoto.

Mwalimu_wa_Zamu_Micheweni
Nami ni mwalimu wa serikali, bado niko kazini. Si yule aliyetajwa, lakini ningeweza kuwa yeye.

Ijulikane mwalimu wa zamu anakaa wapi. Ana watoto mia kadhaa, nusu saa haifiki, na kengele ni ringi ya gari na chuma. Anatakiwa apandishe bendera, auongoze Wimbo wa Taifa, asomeshe dua, akague kucha na sare, atoe matangazo, ahesabu waliochelewa. Mkubwa kutoka wilayani akija, atatazama mstari umenyooka au la. Hataki kusikia kwamba watoto wameinua mikono kwa sababu wametoka chuoni. Kwa hiyo mwalimu anapiga kelele. Naona aibu kusema, lakini kelele ndiyo njia ya haraka.

Mie kwangu nimefanya hivi: dua inatangulia, kila mtu anaomba anavyojua, mikono juu. Inamalizika, Amin. Kisha natoa amri, mguu sawa, mikono inashuka, ndipo bendera na wimbo. Wadogo wanapata mahali pa Amin yao kabla. Bado wapo wanaoitikia Amin tena mwisho wa wimbo, nawaacha.

Talib_wa_Ilmu
Hili ni zuri, mwalimu. Umetenganisha bila kugombeza.

Karafuu_ya_Wete
Shukran mwalimu. Lakini bado hujanijibu: wimbo ni dua au si dua?

Mwalimu_wa_Zamu_Micheweni
Muulize Sontonga, kaka.

Mtoto_wa_Minara
Na hiyo "kila mtu anaomba anavyojua" ndiyo niliyoipenda. Ikiwa kweli inafanyika hivyo.

Mwalimu_wa_Zamu_Micheweni
Dada, sitakudanganya. Anayesoma kwa sauti ni Muislamu siku zote, kwa sababu kwangu sina mwanafunzi mwengine. Ningekuwa naye sijui kama ningelikumbuka hilo. Umenipa la kufikiri.

Mama_wa_Fuoni
Mbona hamsemi ni wimbo upi? Kwetu Unguja skuli ya mwanangu wanaimba wa Muungano na wa Zanzibar, vyote viwili. Mpaka vimalizike mtoto kachoka.

Kijana_wa_Jangombe
Wa Zanzibar lazima, mama. Tuliupata pamoja na bendera yetu. Bendera ilipandishwa Januari 2005.

Karafuu_ya_Wete
Kwetu wa Muungano tu, wa Zanzibar siku za sherehe. Na ule wa Zanzibar nao unaanza kwa kumtaja Mungu! Wa Muungano unaomba baraka, wa Zanzibar unashukuru kwamba tumeshazipata. Ukiimba vyote viwili umeomba na umeshukuru. Mtoto gani hatainua mikono?

Talib_wa_Ilmu
Hapo umenibana, ndugu yangu. Lakini bado nasema mikono ubavuni.

Mwalimu_Mstaafu_Chake
Karafuu, umenifurahisha. Lakini tuwe waangalifu tusimgeuze mtoto kuwa ushahidi wetu. Kila mmoja humu amemchukua mtoto yule na kumvisha hoja yake. Kijana anaona utovu wa nidhamu, Talib anaona mchanganyiko wa ibada, Karafuu anaona uchamungu, mimi nimesema ni mazoea ya chuoni. Hakuna aliyemuuliza. Nilipokuwa nasomesha niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini anainua mikono kwenye wimbo. Akanijibu, "Mwalimu, si tunaomba mvua?" Mwaka ule mvua zilichelewa, na msikitini kwao walikuwa wanaiombea kila Ijumaa.

Kojani_Baharini
Subhanallah.

Kijana_wa_Jangombe
Mwalimu, mtoto huyo mmoja. Huwezi kuwasemea wote.

Mwalimu_Mstaafu_Chake
Kweli kabisa, mmoja. Ndiyo maana sikusema wote.

Mwanasheria_Mpya
Kuna mtu ana waraka wowote wa wizara unaoeleza utaratibu wa mistarini? Naona kila skuli inafanya yake. Wengine dua kwanza, wengine wimbo kwanza, wengine nyimbo mbili, wengine moja.

Mwalimu_wa_Zamu_Micheweni
Mie nilirithi utaratibu kwa mwalimu aliyenitangulia, naye alirithi. Karatasi sijawahi kuiona mkononi.

Msafiri_Ohio
Na Ijumaa inakuwaje huko siku hizi? Sie tulikuwa tunatoka mapema, mistari mifupi, hakuna paredi ndefu.

Mama_wa_Fuoni
Kwetu bado wanatoka mapema. Ila mkondo wa mchana siku ya Ijumaa ni tabu, wanaingia baada ya sala, wengine wanakuja na kanzu za msikitini juu ya sare.

Kijana_wa_Jangombe
Na wanaimba wamevaa kanzu?

Mama_wa_Fuoni
Wanaimba. Na ukitaka kujua mikono yao iko wapi, njoo Fuoni Ijumaa hii uangalie mwenyewe, chai iko kwangu.

Kijana_wa_Jangombe
Nakuja, mama. Saa ngapi?